Eti "Mfumo Umezingua"! Mastaa Wenye Apatimenti, Hamna Kalenda au Hamna Aibu?

Wadau, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Leo tuongee kuhusu kitanda. Kitanda kimoja, kilicholipiwa na watu wawili, usiku mmoja.

Sikukuu ya Idi iliyopita, dada mmoja msomaji wetu aliamua kuipeleka familia Zanzibar. Yeye, mume, watoto wawili na mama mkwe. Akaona villa ya Paje kwenye ukurasa wa mwanadada mmoja maarufu sana hapa mjini. Jina tunalo, linakaa kapuni. Akaingia inboksi, wakaelewana laki sita kwa siku tatu, hela ikatumwa kwa simu, mwanadada akajibu "karibuni sana wapendwa" na vimoyo vitatu vyekundu.

Familia ikapanda boti ya saa kumi jioni. Wakashuka bandarini, wakakodi gari mpaka Paje, wakafika saa mbili usiku na mabegi yao na pilau la mama mkwe kwenye hotipoti. Geti likafunguliwa na kijana mlinzi. Nyuma yake, kwenye bwawa, watalii wanne wanaogelea. Kijana akawaangalia kwa huruma, maana haikuwa mara ya kwanza kwake. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mlikuwa mmebuki wapi?"

Simu ya mwenye villa ikawa inaita tu. Saa nne usiku ndiyo meseji ikaingia: "Samahani mpenzi, mfumo umezingua, hela narudisha Jumatatu." Dakika chache baadaye, stori yake ya Insta: sahani ya kamba, mishumaa, na maneno ya kumshukuru Mungu kwa baraka. Watu watano walilala chumba kimoja cha gesti usiku huo, na walishukuru kukipata, maana sikukuu Zanzibar inajaa. Hela ilirudi baada ya wiki tatu, nusu kwanza, halafu nusu nyingine baada ya kutishiwa kuanikwa.

Na si yeye peke yake. Kuna mtangazaji mmoja wa hapa Dar, naye kapuni, ana apatimenti Mikocheni. Siku ya shoo kubwa makundi mawili yalikutana mlangoni, wote wana namba ileile ya kufungulia kitasa. Naye alisema nini? Mfumo.

Sasa hapo ndipo nataka tuelewane. Hakuna mfumo uliozingua. Wewe ndiye uliyezingua.

Tuanze na huo mfumo wanaousingizia, kwa sababu wengi wanaogopa kubisha wakidhani ni mambo ya wataalamu. Siyo. Nyumba ikiwa imewekwa Airbnb na pia Booking.com, kila moja ina kalenda yake, na kalenda hizo hazijuani mpaka mwenye nyumba azitambulishe. Utambulisho wenyewe ni wa kukopi na kupesti. Kila kalenda ina linki yake ya aina ya iCal. Unachukua linki ya huku unaiweka kule, kisha unachukua ya kule unaiweka huku. Dakika tano, tena ukiwa unakunywa chai.

Watu wanakosea wapi? Kwanza, wanaunganisha upande mmoja tu. Kalenda ya kule inasoma ya huku, lakini ya huku haijui lolote la kule, halafu anajisifu kwamba ameunganisha. Pili, hawajui kwamba linki hizi hazipeleki habari papo hapo. Kila programu huenda kuchungulia kalenda ya mwenzake baada ya muda fulani, mara nyingi saa kadhaa. Mtu akibuki saa nne asubuhi upande huu, upande wa pili unaweza kuendelea kuonyesha nyumba iko wazi mpaka mchana. Ndani ya pengo hilo ndipo wageni wawili wanapokutana.

Utasema basi, si nilisema, mfumo! Hapana. Pengo hilo linajulikana, na dawa zake ziko mle mle ndani. Unaweka kwamba hakuna kubuki siku hiyohiyo, mtu atoe taarifa angalau siku moja kabla. Ukipata bukingi kipindi cha moto, unaingia kwa mkono kufunga tarehe upande wa pili, husubiri linki. Kama una nyumba tano na kuendelea, kuna programu za kulipia kwa mwezi zinazoendesha kalenda zote kwa pamoja na kubadilisha papo hapo. Kama una villa moja, kidole chako kinatosha. Mtu anayeweza kujua nani kaangalia stori yake na nani hajaangalia hawezi kuniambia kalenda imemshinda.

Lakini ukweli ni kwamba mengi ya haya hayatokei kati ya programu na programu. Yanatokea kati ya programu na mdomo wa mwenye nyumba. Yule dada wa Idi hakubuki kwenye programu yoyote. Alibuki inboksi. Inboksi haina linki. WhatsApp haina linki. Shemeji yako aliyekupigia kuomba "wikiendi moja tu" hana linki. Ukishasema "karibuni wapendwa", hakuna kompyuta yoyote duniani inayojua kwamba nyumba imeshachukuliwa, mpaka wewe uingie kwenye kalenda ufunge hizo tarehe. Usipofunga, watalii wanne watabuki kihalali kabisa, na programu itakuwa imefanya kazi yake sawasawa.

Ongeza na madalali. Nyumba moja imekabidhiwa madalali watatu, kila mmoja ana picha zilezile na anapokea kianzio kwenye simu yake. Hapo kalenda iko wapi? Kwenye vichwa vya watu watatu wasiopigiana simu.

Sisi ugonjwa huu tunaujua. Nani hapa hana mjomba aliyeuziwa kiwanja ambacho tayari kina mwenyewe? Kiwanja kimoja, wanunuzi wawili, kila mtu ana karatasi yake, na muuzaji simu haipatikani. Tukimzungumzia dalali wa viwanja tunamwita tapeli, hatuna kigugumizi. Lakini staa akiuza usiku mmoja wa villa mara mbili, tunaambiwa tumuelewe, ni changamoto za kiteknolojia. Changamoto gani? Umepokea hela ya watu wawili kwa kitu kimoja. Sijali kama ulikusudia au ulisahau. Aliyelala gesti watu watano hakulala kwa raha zaidi kwa sababu wewe ulisahau.

Na sasa nifike kwenye kinachoniuma hasa, maana uzembe peke yake ningeusamehe.

Wageni wawili wakigongana, kuna mmoja anatolewa. Jiulize ni nani. Mgeni aliyebuki kupitia programu ana mgongo. Airbnb, mwenyeji akifuta bukingi bila sababu inayokubalika, anakatwa kuanzia asilimia 10 mpaka asilimia 50 ya thamani yake kadri tarehe inavyokaribia, na faini haishuki chini ya dola 50. Na ile beji ya Superhost wanayoringia nayo inataka ufutaji uwe chini ya asilimia 1. Booking.com nako, ukijaza watu kupita vyumba, ni juu yako kumtafutia mgeni mahali pengine pa hadhi hiyohiyo na kulipa tofauti ya bei. Halafu mgeni huyo ataandika maoni, na nyota zitashuka mbele ya dunia nzima.

Wewe uliyetuma laki sita kwa simu una nini? Una vimoyo vitatu. Hakuna faini kwa ajili yako, hakuna nyota, hakuna sehemu ya kuandika maoni. Ukilalamika kwenye ukurasa wake, komenti yako inafutwa na unablokiwa. Kwa hiyo mwenye villa akipiga hesabu saa mbili usiku, hesabu ni fupi sana. Kumtoa mtalii kunamgharimu. Kukutoa wewe ni bure. Ndiyo maana kila stori ninayotumiwa ina mwisho mmoja: aliyebaki ndani ni wa programu, aliyebaki getini na begi ni wa hapahapa.

Hiyo siyo ajali. Ajali haichagui, na hii inachagua kila mara.

Halafu mtu huyohuyo kesho yake anapanda jukwaani kutuhimiza tufanye utalii wa ndani, tuipende nchi yetu, tusiwaachie wageni fukwe zetu. Dada, tulikuja. Tulikuta umeshatugawa.

Najua watetezi wake wako njiani. Watasema hata mashirika ya ndege yanauza tiketi kuzidi viti. Sawa, yanauza. Lakini yana ndege nyingine kesho, na kwenye nchi za Umoja wa Ulaya kuna kanuni ya mwaka 2004 inayotaka abiria aliyezuiwa kupanda alipwe fidia, euro 250 mpaka 600 kutegemea umbali, juu ya kuhudumiwa chakula na mahali pa kulala. Wewe una villa moja. Fidia yako ni emoji ya mikono iliyokutana.

Wengine watasema msimamizi ndiye aliyekosea kuandika. Hii ndiyo inanichefua zaidi. Yule kijana wa getini hapokei hela, hana nywila ya akaunti, hajui nani kaandika nini inboksi. Anapigiwa simu saa moja kabla na kuambiwa "kuna wageni wanakuja, waandalie." Usiku ndiye anayetukanwa na familia yenye hasira, na asubuhi ndiye anayekatwa mshahara. Mwenye kalenda ni mwenye hela. Tusibebeshane.

Mimi sisemi watu wasifanye biashara. Mastaa wetu wakiwekeza kwenye nyumba badala ya kumwaga hela klabu, napiga makofi kwa mikono miwili. Kukosea kupo pia. Lakini ukikosea kuna utaratibu wa watu wazima: unapokea simu, tena ya kwanza. Unawatafutia watu mahali pa kulala pa hadhi ileile au zaidi usiku uleule, unalipa wewe, na usafiri juu yako. Hela yao unairudisha saa hiyohiyo, siyo Jumatatu. Ukishindwa hayo manne, usiite biashara.

Na sisi wateja tuache ushamba wa kuona jina kubwa tunatuma hela tumefumba macho. Nakupa kamtego kadogo, hakagharimu kitu. Ukishalipa kianzio, fungua programu ambayo nyumba hiyo imewekwa, itafute, ingiza tarehe zako kama unataka kubuki upya. Zikiwa zimefungwa, angalau amekuandika. Zikiwa bado ziko wazi, mwandikie palepale: "Naona tarehe zangu bado zinauzwa, naomba uzifunge sasa hivi unitumie skrinshoti." Mwenyeji mstaarabu atafunga dakika hiyo na kukushukuru. Akianza kukuita mpenzi na kukuambia usiwe na wasiwasi, basi wasiwasi uwe nao. Dai hela yako ukiwa bado nyumbani, siyo ukiwa getini Paje na mama mkwe.

Kitu kingine: kabla ya kulipa, omba meseji moja yenye tarehe, bei, jina la nyumba na nini kitatokea akikukosea. Anayekataa kuandika mistari minne anakuambia mapema atakavyokufanyia.

Mwanadada wa Paje, najua unatusoma, maana likizo ndefu ya Desemba inakuja na tangazo la villa umeshalirusha. Nimelifungua jana usiku. Kwenye programu, wiki nzima ya mwisho wa mwaka iko wazi. Kwenye stori yako umeandika "Krismasi mpaka mwaka mpya imeshajaa, asanteni wapendwa."

Moja kati ya hizo mbili ni uongo. Nenda kafunge kalenda, tunasubiri.

Haya wadau, yamekukuta? Shusha komenti hapo chini, sema ilikuwa wapi na ulilala wapi. Majina yaacheni kapuni, wenyewe wanajijua.