Tusimwambie Asubiri

Hapa Pemba, mtu anayekufa kwa ugonjwa wa mapafu mara nyingi huambiwa asubiri. Huegemezwa mito, dirisha likafunguliwa, akapepewa, akasomewa Yasini. Sina ugomvi na mito wala Yasini, na upepo usoni kweli humpunguzia mtu dhiki. Ugomvi wangu ni na wanaosema hapo ndipo mwisho wa uwezo wetu.

Mofini ipo. Dozi ndogo ya kunywa haiponyi pafu. Hupunguza ile hofu ya ubongo kwamba hewa imekwisha. Haitaki mtungi wala umeme. Uganda walianza kuikoroga kwa maji katika hospisi ya Dakta Anne Merriman, iliyoanzishwa 1993, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika.

Wa kwanza kunipinga hutaja unga. Namwelewa, visiwa hivi vimezika vijana kwa heroini. Lakini mzee anayenyweshwa dawa iliyopimwa na muuguzi si kijana wa maskani. Mkataba wa dawa za kulevya wa 1961, huohuo unaozibana, unasema matumizi yake ya tiba hayana mbadala.

Wa pili husema mofini inaharakisha kifo. Utafiti wa Sweden wa 2014, kwa wagonjwa wa mapafu waliokwishafikia kutumia oksijeni, haukuona vifo kuongezeka kwa dozi ndogo. Kwa dozi kubwa viliongezeka. Basi tupime, tusikimbie.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Majaribio ya Australia ya 2022 na ya Uingereza ya 2024 hayakuona mofini ikiwapunguzia dhiki ya pumzi wagonjwa wanaoishi na tatizo hilo muda mrefu. Nakubali, na ndiyo maana sidai kila anayehema apewe chupa. Namsemea aliyebakiwa na siku chache, aliyekwishapewa kila dawa nyingine, asiyeweza kumaliza hata jina la mwanawe. Huyo ajaribiwe kwa dozi ndogo, aangaliwe, apewe na dawa ya kulainisha choo, isipomfaa, iachwe.

Ninachodai si kikubwa: Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni, kila hospitali iwe na kabati lenye kufuli, daftari la kuhesabia, na muuguzi aliyefunzwa mwenye ruhusa ya kwenda mpaka kitandani kwa mgonjwa nyumbani. Subira ni ibada ya mgonjwa mwenyewe. Sisi tunaopumua tunadaiwa dawa.