Daraja Lililostaafu



Wapenzi wasomaji, katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York nchini Marekani, lipo daraja la chuma lililovuka mto Hudson. Lilifunguliwa mwaka 1889, na kwa miaka 85 likabeba treni za abiria na shehena. Mwaka 1974 moto uliunguza mataruma yake ya mbao, na tangu hapo hakuna treni iliyolivuka. Likabaki juu ya maji, urefu wake zaidi ya kilomita 2, likila kutu, na wako waliolihesabu kuwa ni la kubomolewa.

Wakatokea wakazi waliouliza suali jengine: ikiwa halibebi tena treni, laweza kubeba nini? Likakaguliwa, likatandikwa sakafu ya zege na kuwekwa vizuizi pembeni. Oktoba 2009 likafunguliwa kwa waendao kwa miguu. Leo hulipita wazee, watoto na wenye viti vya magurudumu.

Tumelitaja daraja hili kwa sababu ya hali tunazoziona majumbani mwetu. Baba aliyefanya kazi bandarini miaka 30 akistaafu, huwekewa kiti barazani na kupelekewa chai, na mambo ya nyumba yakaamuliwa ndani pasi na yeye kuulizwa. Mama aliyelea watoto wanane huambiwa, "Wewe pumzika tu." Sisi twaiita heshima, na mara nyingi ni kuwasahau kwa adabu.

Wema kwa wazazi tulioamrishwa hauishii kwenye chakula na dawa. Mpeni babu mjukuu amsikilizie juzuu yake baada ya Maghrib. Mshaurini bibi kabla ya posa kujibiwa, kwani yeye azijua nasaba na tabia za watu. Na kama daraja lilivyohitaji sakafu mpya, wao nao wahitaji miwani, mkono wa kuwashika ngazini, na subira yetu warudiapo hadithi ile ile.

Nanyi wazee wetu, twakuombeni msiukatae mzigo mdogo kwa kuukumbuka ule mkubwa. Treni hazikurudi Poughkeepsie, na daraja halikukosa kazi.

Twamuomba Allah Subhaanahu wa Taala awajaalie wazazi wetu umri wenye manufaa, wala asitujaalie sisi kuwa ndio tuliowafungia njia. Amin.