Kabla ya kulaumu chakula, pima maji ya bwawa

Ndugu wafugaji wa samaki wa Nachingwea na Ruangwa, fedha za korosho zikiingia baadhi yetu huchimba bwawa. Baada ya miezi michache huanza lawama: perege hawakui, chakula kibovu, muuzaji katuibia. Msimamo wangu ni kwamba kabla ya kununua mfuko mwingine wa chakula, tupime maji.

Maji hubeba madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Yakiwa machache, maji huitwa laini, na hali ya bwawa huyumba: alfajiri tindikali hupanda, alasiri hushuka sana, samaki huchoka. Samadi nayo hailipi, kwa kuwa tope lenye tindikali hushika fosforasi, na ule ukijani ambao perege hula haustawi.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Salfa ya unga tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga huanguka chini, na vijidudu vya udongo huigeuza kuwa tindikali. Aliyechimba bwawa bondeni, chini ya mikorosho, ajihadhari zaidi.

Kupima kwa kukadiria ni rahisi. Chukua chupa mbili: moja maji ya mvua, nyingine maji ya bwawa yaliyotuama, kiasi sawa. Kwangua sabuni ya mche, weka sawasawa kote, tikisa. Povu likilingana, maji yako ni laini. Sabuni ya unga haifai, kwani hutoa povu hata kwenye maji magumu. Ukitaka namba kamili, mwone afisa uvuvi. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, weka chokaa.

Bwawa la mita 10 kwa 10 huanza na kilo 10 hadi 20 za chokaa ya kilimo. Imwage sakafuni na kwenye kingo bwawa likiwa tupu, jaza maji, kisha subiri wiki mbili ndipo uweke samadi. Chokaa ya kupaka ukuta usiitie penye samaki, itawaua. Na usiache maji yakipita bwawani muda wote, maana yataondoka na chokaa yako.

Wapo wanaosema chokaa ni gharama ya ziada. Kwa mwenye maji magumu ni kweli, asinunue. Kwa mwenye maji laini, gharama kubwa ni kulisha kila siku samaki wasiokua.

Nanyi wenye maduka ya pembejeo, wekeni chokaa ya kilimo kando ya mifuko ya chakula, na mteja akilalamika mwulizeni kwanza kama amepima maji. Leo mtauza mfuko mmoja pungufu, lakini mteja ambaye samaki wake wamekua atarudi msimu ujao.