Lori la Alizeti Ndani ya Handaki

Likizo iliyopita nilipita stendi ya Manyoni kumsalimia mjomba. Ni dereva wa lori, nusu ya maisha yake kaimaliza kati ya Dar na Kigali. Siku hiyo alikuwa amepakia mafuta ya alizeti Singida mjini, anayapeleka Dar. Utingo wake alikuwa anachemsha chai kwenye jiko dogo la gesi, pembeni ya tairi. Nikatoa shikamoo, nikapewa kikombe, na stori ikahamia kwenye SGR, maana Manyoni siku hizi huikwepi.

"Mpwa wangu," akasema, "wangeleta behewa la kubeba lori zima, mimi ningepanda nalo Makutupora, nikalala, nikaamka Dar. Sekenke imenizeesha."

Nilicheka, lakini si ndoto ya kijiweni. Kati ya Uingereza na Ufaransa malori yanapanda treni tangu 1994 na kupita handaki la kilomita 50 chini ya bahari. Kwetu ni wazo tu. Ila wazo zuri linafaa kuulizwa maswali magumu mapema, na la kwanza ni hili: lori likiwaka ndani ya handaki, itakuwaje?

Wenzetu wameshalijibu kwa maumivu. Tarehe 18 Novemba 1996 lori moja liliwaka juu ya behewa, na treni ikaingia handakini moto ukiwa umeshaanza. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa kuendelea mpaka upande wa pili. Dereva akalazimika kusimama njiani baada ya taa ya tahadhari kuwaka, kisha umeme ukakatika. Watu 34 walikuwa kwenye treni hiyo, moshi kila upande. Walipona wote, kwa sababu pembeni kuna handaki dogo la huduma lenye hewa safi, na madereva walikaa pamoja kwenye behewa lao, si kila mtu kwenye lori lake. Septemba 2008 moto mkubwa ukatokea tena. Baada ya hapo wakajenga ndani ya handaki vituo vya kunyunyizia maji, treni inayoungua ikasimamishwe hapo.

Mtasema, "Bana, ule ni umbali wa kutisha, sisi tuna mahandaki mafupi." Kweli. Mahandaki manne ya SGR upande wa Kilosa yana takriban kilomita 2.6 kwa jumla, na handaki fupi lina faida kubwa: treni inaweza kutoka nje haraka. Lakini inatoka ikiwa bado ina umeme. Treni yetu inategemea waya wa juu, na moto wa lori unawaka hapo hapo chini ya waya. Halafu njia ni moja. Ikikwama mle, treni ya abiria inayofuata, yenye mimi na wewe tunaorudi chuoni, haina pa kupita.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mzigo wenyewe. Petroli tunaiogopa, Msamvu ya Agosti 2019, iliyoua zaidi ya watu 100, imetufundisha. Nani anaogopa mafuta ya kupikia? Mwezi Machi 1999 lori liliwaka ndani ya handaki la barabara la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia. Lilibeba siagi ya mimea na unga. Walikufa watu 39, na handaki likafungwa kwa karibu miaka mitatu. Siagi ya mimea ni mafuta. Singida tunazalisha mafuta. Kwa hiyo mzigo ambao kwetu ni fahari, usio na alama yoyote ya hatari, ukiwaka ndani ya bomba la zege unaweza kuua kama petroli. Ongeza matairi, dizeli ya tangi, na ule mtungi wa gesi wa utingo.

Sisemi malori yasipande treni. Nikilinganisha na mjomba anayesinzia usiku kwenye usukani, treni ni salama zaidi. Nasema moto wa handakini hauzimwi na gari la zimamoto linalotoka mjini. Unazuiwa kabla treni haijaondoka. Lori likaguliwe kwenye kituo cha kupakia, breki zilizochemka zipoe kwanza, mitungi ishushwe. Madereva na matingo wakae kwenye behewa lao. Mafuta ya alizeti yahesabiwe kama mzigo unaowaka. Na TRC, LATRA na Jeshi la Zimamoto wafanye zoezi la uokoaji ndani ya handaki lenyewe, si mezani.

Na sisi wanazuo? Mara ya mwisho nilipopita Kilosa, giza lilipoingia dirishani behewa zima tulitoa simu kurekodi. Hata mimi. Sikujua mlango wa dharura uko wapi, wala nitembee upande gani moshi ukiingia. Wa uhandisi mnatafuta mada za mradi wa mwaka wa mwisho: hii hapa. Wa sheria, kanuni zisomeni. Serikali ya wanafunzi iandike barua kuomba maelekezo ya dharura tuelezwe safarini.

Kabla sijaondoka nilimwuliza mjomba: siku ukipanda hiyo treni, jiko utaliacha wapi? Akamtazama utingo, utingo akatazama chai. Hakuna aliyejibu.