Nguo za sikukuu zisimtie mfanyakazi madeni

Kila ikaribiapo sikukuu, iwe Idi au Krismasi, mitaa ya Vingunguti hubadilika sura. Mafundi cherehani hukesha barazani, wachuuzi hutandaza viatu vya watoto kando ya barabara hadi usiku, na daladala zipitazo Buguruni kuelekea Karume na Kariakoo hujaa wazazi wanaokwenda kutafuta nguo. Hapana ubaya katika jambo hilo. Kumvisha mtoto nguo mpya siku ya furaha ni desturi njema, nayo ina heshima yake katika nyumba ya Mwislamu na katika nyumba ya Mkristo. Linalostahili kuzungumzwa ni mahali inapotoka fedha ya kununulia nguo hizo, na faida ya nguo zenyewe sikukuu ikishapita.

Watu wazima wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, wakati nguo zilipokuwa adimu. Viwanda vya nguo, kikiwamo cha Urafiki kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilipungukiwa vipuri kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni za kutosha. Doti ya khanga ilipatikana kwa foleni dukani au kwa bei ya mlanguzi. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, maduka yakaanza kujaa, na mitumba, ambayo watu waliiita "kafa Ulaya", ikaanza kuenea masokoni. Katika siku za dhiki, uhaba wenyewe ndio uliomchagulia mnunuzi. Alichukua kilichopo, akakitunza kwa miaka. Leo Mtaa wa Kongo hauna nguo isiyopatikana, na kazi ya kuchagua amebaki nayo mnunuzi. Kwa bahati mbaya wengi huingia sokoni bila kujiandaa kwa kazi hiyo.

Mtumishi wa umma na mwalimu wana tatizo lao la pekee, nalo ni kalenda. Mshahara una tarehe yake, lakini sikukuu hazifuati tarehe hiyo. Idi el Fitri na Idi el Haj hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kwa hiyo huweza kuangukia katikati ya mwezi, wakati mfuko umekwisha kukauka. Mwaka 2000 Idi el Fitri iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi, na nyumba nyingi zenye ndugu wa dini zote mbili zilinunua mara mbili kwa mshahara mmoja. Krismasi nayo ina mtego wake. Mara nyingi mshahara wa Desemba hutoka mapema ili watu wafurahi, na furaha hiyo huwasahaulisha wengi kwamba mshahara unaofuata utakuja baada ya karibu wiki tano.

Katika wiki hizo tano ndipo shule zinapofunguliwa. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za serikali, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne. Hata hivyo sare, viatu, mkoba na madaftari vimebaki kuwa mzigo wa mzazi. Mzazi aliyemaliza fedha yake Kariakoo tarehe 23 Desemba kwa gauni lenye marembo, huikuta Januari akiwa mikono mitupu mbele ya duka la sare. Mtoto yule yule aliyemeremeta siku ya sikukuu huenda shule na shati lililochanika begani. Walimu wanaijua hali hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa maana huiona darasani; na baadhi yao huiona nyumbani kwao wenyewe.

Hapo ndipo mkopo unapoingia. Utaratibu wa serikali unataka angalau theluthi moja ya mshahara wa mtumishi ibaki mkononi mwake baada ya makato yote, ili familia isikose chakula. Lakini wapo wakopeshaji wa mitaani, ambao wananchi wameipa mikopo yao jina la "kausha damu", wanaochukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine. Kwa njia hiyo hata ile theluthi iliyowekewa kinga humezwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji wa aina hiyo awe na leseni, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu anayekabidhi kadi yake kwa hiari, gizani, kwa sababu ya viatu vya sikukuu.

Chukuliwe mfano wa mwalimu anayekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Akilipa riba peke yake kwa miezi mitatu, atakuwa ametoa shilingi 180,000 na deni lote la mwanzo bado linamngoja. Nguo alizonunua pengine zimekwisha kuchujuka.

Wapo watakaosema kwamba mtoto hawezi kuelezwa habari za mishahara na riba, na kwamba ni aibu mtoto wa mwalimu kutoka siku ya Idi na nguo ya zamani wakati wa jirani anang'aa. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, kwani heshima ya mtu mbele ya majirani ina thamani. Lakini jirani haulizi bei ya nguo. Anachokiona ni mtoto msafi, aliyevaa nguo iliyomkaa vizuri. Heshima hiyo yaweza kupatikana kwa fedha ndogo, iwapo mzazi atatumia akili kabla ya kutumia mfuko.

Kipimo cha kwanza ni siku ambazo nguo itavaliwa. Gauni la shilingi 40,000 litakalovaliwa mara mbili limegharimu shilingi 20,000 kwa kila kuvaliwa. Shati na suruali za shilingi 30,000 zitakazovaliwa mara hamsini zimegharimu shilingi 600. Kwa kipimo hicho, nguo iliyoonekana rahisi yaweza kuwa ghali, na iliyoonekana ghali yaweza kuwa rahisi. Nguo ya mtoto ikatwe na pindo la kutosha, ili lifunguliwe anaporefuka. Viatu vyeusi vya kufunga vilivyovaliwa Krismasi vyaweza kuingia darasani Januari bila mtu kununua vingine.

Kipimo cha pili ni kitambaa chenyewe. Desemba na Januari ni miezi ya joto kali Dar es Salaam, na nguo nzito ya nailoni humtesa mtoto hata akaivua kabla ya chakula cha mchana. Pamba hunyonya jasho na huvumilia kufuliwa. Mnunuzi aivute mishono kwa vidole aone kama nyuzi zinaachia, aifunge na kuifungua zipu, na asugue upande wa ndani wa nguo kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kitambaa kikishika rangi, nguo nayo itaipoteza ndani ya beseni.

Mitumba nayo haifai kudharauliwa, maana katika soko la Karume hupatikana mashati ya pamba yaliyoshonwa imara kuliko mengi yaliyo mapya. Ila ichaguliwe mchana, siyo kwa taa, na ifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Nguo za ndani zilizokwisha kutumika zisinunuliwe kabisa. Shirika la Viwango limezipiga marufuku kwa ajili ya afya ya watu.

Kipimo cha tatu ni wakati. Anayempelekea fundi kitambaa mwezi mmoja kabla ya sikukuu hupimwa kwa utulivu, hujaribu nguo, na kasoro hurekebishwa. Anayekwenda katika kumi la mwisho la Ramadhani hupewa ahadi, kisha hukesha barazani kwa fundi usiku wa kuamkia Idi. Kitenge kilichonunuliwa katika mwezi usio na sikukuu chaweza kushonewa watoto wawili, na fedha yake ikabaki katika mtaa, kwa fundi ambaye naye ana watoto wa kuvisha.

Akiba haiozi. Mfanyakazi anayeweka shilingi 5,000 katika kibubu kila wiki huwa na shilingi 100,000 baada ya wiki ishirini, bila kumkabidhi mtu kadi yake. Walimu wa shule moja wanaweza kufanya hivyo pamoja kupitia upatu au chama chao cha akiba na mikopo, wakapanga zamu ya upatu ili kila mmoja apokee fungu lake kabla ya sikukuu yake.

Ni kweli kwamba mishahara ya wengi haitoshi, na madai ya kuiboresha yana mahali pake. Lakini mshahara mdogo ndio unaohitaji kulindwa zaidi. Kazi hiyo ianze sasa, kabla taa za Kariakoo hazijawashwa kwa ajili ya sikukuu ijayo: baba na mama wakae na kalamu, waandike sare na viatu vya shule kwanza, kisha ndipo waandike nguo za sikukuu kwa kiasi kitakachosalia.