Makangaga ya Tanzania na Hoja Zinazoyaangamiza

Mjadala wa misitu yetu ukifika kwenye makangaga, hoja zilezile hurudi, na hutolewa kwa uhakika usiostahili. Nazijibu kwa sababu ndizo zinazoamua kipi kilindwe na kipi kiachwe.

Husemwa kwamba kangaga ni kangaga, ukiliona moja umeyaona yote. Anayesema hivyo ashuke mikokoni aone Acrostichum aureum linavyostawi kwenye tope la maji ya chumvi, kisha apande Usambara akutane na Cyathea manniana, kangaga lenye shina la miiba na kimo cha mti. Kwenye maji yaliyotuama huelea azola, dogo kama ukucha, ambalo ndani ya majani yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani.

Husemwa pia kwamba makangaga yote hutaka kivuli na unyevu, hivyo nje ya msitu hakuna cha kuhifadhi. Lakini Pellaea calomelanos na jamii ya Actiniopteris huota kwenye nyufa za miamba, juani. Kiangazi hujikunja na kukauka hadi ukadhani yamekufa. Mvua ikinyesha hukunjuka, yakawa kijani tena. Mwamba ukivunjwa kuwa kokoto, nayo yamekwisha.

Hoja yenye madhara makubwa zaidi ni hii: linda miti mikubwa, makangaga yatajilinda. Usambara Mashariki, kwa miaka mingi, iliki imelimwa ndani ya msitu. Mkulima huacha miti mirefu iipe kivuli, hufyeka vyote vilivyo chini yake. Ukiutazama mlima kwa mbali, msitu upo. Ingia ndani, utaona mashina na iliki tu. Siwalaumu wakulima, zao hilo limelipia watoto wengi karo. Lakini kilichopotea lazima kitajwe. Makangaga ya jamii ya Hymenophyllaceae yana majani ambayo kwa kawaida unene wake ni seli moja tu. Hayana ngozi ya kuzuia maji yasipotee, hutegemea ukungu na unyevu wa hewa. Upepo ukipata njia kati ya mashina, hayo hutangulia kwisha, huku takwimu za miti zikionyesha kuwa mambo ni shwari.

Hapo mtu hujibu kwamba spora, chembe za uzazi za makangaga, hupeperushwa na upepo, kwa hiyo yatarudi yenyewe. Spora hufika kweli, hata kutoka mbali sana. Tatizo huanza zikishatua. Spora haioti moja kwa moja kuwa kangaga. Kwanza huwa kijimmea cha kijani, mara nyingi chenye umbo la moyo, chembamba na kisichofika sentimita moja au mbili, na hapo ndipo mbegu ya kiume huogelea kulifuata yai. Bila utando wa maji haifiki. Udongo uliofyekwa ukaachwa wazi jua liupige hupokea spora nyingi tu na usizae kitu.

Wengine huonyesha vilima vilivyoungua, vimefunikwa na makangaga, wakauliza hatari iko wapi. Yale ni Pteridium, na wingi wake wote ni wa aina hiyo moja. Shina lake hutambaa ardhini ambako moto haufiki. Baada ya moto huchipua upesi na kuisonga miche ya miti. Kuyaona mengi ni dalili ya msitu uliokwisha kuungua.

La mwisho ni kwamba kuchukua machache ya kuuza hakudhuru. Cyathea hukua kwa ncha moja tu, ile ya juu; likikatwa halitoi machipukizi ubavuni kama mgomba. Mkataba wa CITES unataka kibali likivushwa mpaka, lakini hilo halimzuii anayelikata kwa bustani ya hapahapa nchini. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, inalinda sehemu tu ya milima ya Usambara Mashariki. Mwenye kitalu anaweza kukusanya spora nyuma ya jani, azisie kwenye udongo uliochemshwa, afunike kwa kioo na kuuweka na unyevu. Atapata miche mingi, na mmea mama utabaki msituni.