MKONO WA DEIWAKA NANI ATAULIPA?

Mvua za kwanza zikinyesha Dodoma, vijiwe vya Majengo na Chang'ombe hupungua watu. Vijana hupanda tela kwenda Kongwa, Mpwapwa na Chamwino kuwa madereva wa deiwaka na matingo wa trekta (na kupanda tela kwenyewe ni kujitafutia kifo). Mkataba hakuna. Ukiweza kuendesha daladala, unaambiwa, hata hili utaliweza.

Huo ni uongo, na unaua.

Trekta si gari. Likinasa kwenye udongo mweusi wa mbugani, bosi huamuru gogo lifungwe kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma. Gurudumu likishindwa kuzunguka, nguvu ya injini huinua pua ya trekta, likapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Haifiki hata sekunde mbili. Hata bingwa wa kurukia mabasi hawahi. Rudi kinyumenyume, chimba, au livutwe na lingine, mnyororo ukifungwa kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, si juu.

Halafu kuna ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Kama haina kifuniko, ikidaka ncha ya koti lako la mtumba, mkono unafuata kabla hujapiga kelele. Mahindi yakikwama, zima injini kwanza. Bosi akifoka kwamba unachelewesha kazi, mwache afoke.

Lakini hatutamtupia kijana mzigo wote. Sweden ilianza mwaka 1959 kudai kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Kwetu trekta limekuwa kitu cha vigogo kupigia picha. Mwingereza aliyaleta Kongwa kwa mradi wake wa karanga mwaka 1947, likaja Azimio la Kilimo Kwanza 2009, kisha 2023 vijana wakaitwa Chinangali kwa mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora. Ekari zilitajwa sana. Vidole, hapana.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na ya fidia kwa wafanyakazi tangu 2008. Tunataka kumwona mkaguzi shambani mwezi Desemba, siyo kwenye semina hotelini. Trekta lenye shafti uchi lizuiwe kama daladala bovu linavyozuiwa barabarani.

Nawe kijana, kabla hujashika usukani, muulize mwenye trekta mbele ya mashahidi: nikikatika mkono huku porini, nani atanifikisha hospitali, na wanangu watakula kwa nani?